Fundi wa Saa za Macho Matatu

Mama yangu alikuwa na mtungi wa kusuka, ule wa mizizi unaofukizwa moshi, na mdomo wa mtungi huo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ni mkono wa mtoto tu uliopita. Kwa maziwa ulikuwa mtungi mzuri kuliko yote. Kwa maji ya boza, lile lori la tangi, ulikuwa msiba. Mwaka ule wa ukame, na siutaji ni upi maana miaka ya ukame kwetu inafanana kama mbuzi wa boma moja, tulikuwa tukiletewa maji kwa lori huko nje ya Hulugho, na dereva wa boza hakupima kwa debe. Alipima kwa saa. Anasimama kando ya bomba, mkono wa kushoto kauinua, anabonyeza kitu ubavuni mwa saa, mama mmoja anafungua bomba. Anatazama mkono. Anabonyeza tena, anasema, "Funga." Kila nyumba muda uleule. Mwenye sufuria pana anaondoka kajaza. Mama yangu, mtungi wake umekataa kumeza haraka, nusu ya maji yake imenywewa na mchanga.

Mama alimtukana yule dereva kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, nina wajukuu wanaosoma. Dereva akamjibu kwa adabu tu kwamba yeye hana neno, saa ndiyo imesema.

Wengine walitazama maji. Mimi, nimeshika nguo ya mama, niliitazama ile saa. Ndani ya uso wake mlikuwa na duara ndogo tatu kama macho, na mshale mwembamba mwekundu uliolala. Ukibonyezwa unaamka na kukimbia. Ukibonyezwa tena unasimama palepale. Mara ya tatu unaruka kurudi kwao juu. Tangu siku hiyo saa za namna ile niliziogopa na nikazitamani, na mambo hayo mawili kwangu hayajawahi kukaa mbali.

Wenye shule wanaziita kronografu. Sisi Garissa tunasema saa za macho matatu. Na nikishazitaja siwezi kumkwepa Fundi, na nikimtaja Fundi itabidi nitaje ile amana niliyoiharibu kwa mikono yangu. Basi nitaje yote.

Kibanda chake kilikuwa karibu na Soko Mugdi, upana wake kitanda kimoja cha kamba. Mimi nilikuwa nauza kamba, mitungi ya plastiki na chumvi ya mifugo katika kibanda cha pili. Ukuta kati yetu ulikuwa bati moja lenye matundu ya misumari, kwa hiyo zaidi ya miaka ishirini nilisikia kila alilosema, na yeye, Mungu anisamehe, alisikia kila nilivyosifia chumvi.

Ukoo wake siujui. Mtu wa mbali hataona ajabu, lakini kwetu watu wawili wasiojuana wakikutana, kabla maji hayajanywewa, wamekwisha kuhesabiana mababu mpaka wa kumi. Fundi hakuhesabu. Wazee walimjaribu mara nyingi. Wengine wakasema ni wa Wajir, wengine wakasema katoka pwani ya Somalia, kwa sababu alitamka Kiswahili chake safi, hakusema "bole bole" badala ya "pole pole" kama sisi. Akiulizwa ni wa nani anajibu, "Mimi ni wa hapa kibandani." Ila saa alikuwa akiiuliza ukoo. Ukimpa saa hatazami inasema saa ngapi. Anafungua kifuniko cha nyuma, anavuta lenzi kutoka kwenye paji la uso mpaka jichoni, anaanza kunung'unika kwa Kisomali: uso ni wa nyumba gani, mishale ya nyumba gani, mashine ya nyumba gani. Saa alizungumza nayo Kisomali na watu alizungumza nao Kiswahili. Nilimuuliza sababu, akasema watu wanapenda kubishana, na yeye kwa Kisomali hajawahi kumshinda mtu.

Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza saa, kama fundi yeyote. Lakini watu kutoka Liboi mpaka Mandera walimjia kwa jambo jingine. Saa za zamani za macho matatu siku hizi zinatafutwa, vijana wanazitazama kwenye simu, na kila mwenye babu aliyekuwa baharia wa bandari ya Adan au karani wa serikali amefungua sanduku. Kwa hiyo na waongo wamefungua masanduku yao. Fundi alijua uso uliopakwa rangi upya, alijua kipande kilichobandikwa.

Alianza kwa kuinusa, maana alisema rangi mpya ina harufu hata ikikauka mwaka mzima. Halafu aliitoa juani, akaiinamisha huku na huku. Yale macho madogo, ukiyatazama vizuri, yana mistari myembamba ya kuzunguka, kama ile ya kidole gumba. Rangi ikipita juu, mistari inajaa, kama laga, ule mkondo wa mvua uliokauka, lililojaa mchanga. Kisha herufi. Herufi za kiwandani zimesimama wima, kingo zimekatwa kwa wembe. Za mpakaji rangi zimeota tumbo. Chini kabisa, karibu na namba sita, kuna maandishi madogo kuliko chawa yanayotaja nchi, na mpakaji rangi mara nyingi huyasahau. Halafu linakuja jambo lililowafanya watu wamcheke: mchana kweupe, Fundi anajifunika shuka kichwani na kuingia chini ya meza na saa ya mtu. Ile dawa ya kung'aa gizani kwenye saa ya zamani imekwisha kufa zamani. Ikiwaka kijani chini ya meza, anatoka akitikisa kichwa, maana mzee hawezi kuwa na meno ya maziwa.

La mwisho ni kubonyeza. Mshale ukimbie, usimame, urudi. Saa ya kweli inarudi nyumbani kwake juu kabisa. Ya kuungaunga inarudi karibu na nyumbani.

Alikuwa hawezi kumpa mtu habari mbaya kwa mdomo mkavu. Anapiga bati: "Jirani, agiza chai." Ikafika mahali mji mzima ukaijua chai hiyo. Akikuagizia chai, saa yako ni bandia. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kutoka Mandera, ndevu zake zimepakwa hina, aliyeinunua yake Liboi kwa mbwembwe nyingi. Chai ilipoagizwa akaruka kama kaumwa na nge.

"Sitaki chai. Nimekwisha kunywa."

"Kunywa nyingine, Haji."

"Wallahi sitaki chai yako. Sema."

"Saa yako ina macho matatu, Haji, lakini mawili ni vipofu. Yamechorwa tu."

Haji akaigeuza saa mkononi. Akasema yeye amenunua ng'ombe miaka arobaini, anatazama meno anajua umri. Kitu hiki atakitazama wapi?

"Ungefungua mdomo," Fundi akamwambia. "Wewe ulitazama ngozi."

Yule Haji alicheka mpaka akafuta macho kwa kilemba, halafu akanywa chai zote mbili, yake na ya Fundi.

Mkononi Fundi mwenyewe alivaa saa ya plastiki ya namba, ya watoto, ya bluu. Watu walimtania. Alisema hiyo haijawahi kumdanganya, tangu siku ya kwanza imesema wazi kwamba ni plastiki. Na alikuwa mchafu wa nguo, Fundi huyo, kikoi chake hakikujua sabuni, lakini vidole vyake alivisugua kwa majivu kabla ya kugusa saa mpaka vikawa vyeupe kama vya mtu aliyeoshwa kwenda kaburini. Ndege wale wakubwa wa jalalani, korongo wenye vipara, alikuwa anawatupia utumbo wa mbuzi na kuwasalimia kwa majina. Kwa nini, sijui. Nimeandika kwa sababu nimekumbuka.

Kuna mwalimu mkuu mstaafu aliyemletea saa ya kweli kabisa, uso wake umegeuka rangi ya samli iliyoungua. Mwalimu alitaka ipakwe upya, ing'ae, aivae harusini kwa binti yake. Fundi alikataa. Mwalimu akasema anazo pesa. Fundi akakataa tena, akamshika mkono, nilimwona kwenye tundu la msumari, akamsihi kama mtu anayemwombea mwingine asinyongwe. Alimwambia, "Uzee si uchafu, mwalimu." Mwalimu alikasirika, akaipeleka Nairobi, ikarudi inang'aa kama kijiko. Siku alipopita akiionyesha, Fundi alifunga kibanda mapema.

Usidhani alikuwa mkweli wakati wote. Mjane mmoja alileta saa ya marehemu mumewe, ambaye maisha yote alisimulia kwamba alipewa na afisa mkubwa kwa ushujaa. Fundi aliifungua, akakaa nayo. Ndani mlikuwa na mashine ya betri, ya bei ya chini, imetiwa kwenye kasha la kifahari. Sikusikia chai ikiagizwa. Nilisikia, "Ni ya kweli, hooyo. Usiiuze, mpe mjukuu." Mama yule aliondoka akitembea kama msichana.

Nilimwambia kupitia bati kwamba amemdanganya.

"Hakuniuliza habari za saa," akasema. "Aliniuliza habari za mumewe."

Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa jibu au ujanja.

Sasa amana. Nilipokuwa kijana nilikuwa taniboi, utingo wa lori la Garissa na Mandera, na dereva wangu alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alikuwa na saa ya macho matatu, ameirithi kwa baba yake aliyekuwa baharia. Safari moja laga lilitujia usiku bila kutuambia, lori likaenda ubavu, yeye akaning'inia kwenye tawi la mgunga, maji yakimfika kifuani, na saa ikanywa maji. Ilipokauka ikabaki na doa la kahawia usoni, ukubwa wa punje ya mtama, kando ya jicho la kushoto. Yeye alilipenda. Alisema hilo ndilo laga lililoshindwa.

Alipopata kazi ya kuendesha matrela Uarabuni, alinipa saa hiyo mbele ya mashahidi wawili. Njia aliyopita wakati ule ilikuwa ya kuvuliwa kila kitu na majambazi. Akasema nimshikie mpaka arudi, na asiporudi ni ya mwanawe. Mtoto alikuwa wa miaka minne, yuko na mama yake Hulugho.

Mtu wa mjini inabidi aelezwe jambo moja. Kwetu, ukiachiwa ngamia wa amana, hurudishi ngamia uliyempokea. Ukimrudisha vilevile watu watasema kweli hukumla, lakini hukumtunza. Anarudi amenenepa, kupe wametolewa mmoja mmoja, shingoni ana kamba mpya. Mwenyewe akimwona asimjue mara moja, hiyo ndiyo sifa yako. Nimelelewa hivyo, na baba yangu, na baba yake.

Mwaka wa tatu au wa nne zikaja salamu kwamba rafiki yangu anakuja Idd. Nikafungua kopo nilimoiweka saa, nikafunua kitambaa. Kioo kimekwaruzwa, uso una doa. Nikaona aibu, kama vile nimemkondesha mimi. Nikaichukua sokoni, kwa fundi kijana aliyekuwa ameingia mjini karibuni, ambaye kila mtu alimsifu kwa kutia saa nyuso mpya. Nilimwambia maneno haya, nayakumbuka: inenepeshe, na hilo doa liondoke.

Ndiyo. Ni yeye. Fundi huyuhuyu wa kunusa na kuingia chini ya meza.

Baada ya siku tatu akanirudishia saa nyeupe, herufi nyeusi, mishale mipya. Nilijisifu njia nzima. Rafiki yangu hakuja Idd ile. Trela lilipinduka, wakamzika hukohuko. Nilituma watu Hulugho kumtafuta mkewe, wakaambiwa amevuka mpaka na mtoto kwenda kwa ndugu zake. Nikatuma tena. Nikaifunga saa kwenye kitambaa na karafuu, nikaiweka, nikangoja.

Fundi alibadilika kwa siku moja. Nilikuwepo, maana wakati huo nimeacha malori na nimekodi kibanda cha kamba. Alikuja mnunuzi wa saa kuukuu kutoka Nairobi, akainamia sinia la Fundi lenye saa kumi na kitu, zote zinang'aa, kazi ya mkono wake. Yule mtu akawa anaziweka kando moja moja. Mwishoni akachukua moja chafu ambayo Fundi alikuwa hajaifikia. Akasema, "Hii tu ndiyo hai." Fundi hakula siku hiyo. Hakupaka uso wa saa tena.

Kwa hiyo watu waliposhangaa jicho lake limetoka wapi, mimi nilijua. Zile alizozipaka zilikuwa zimetawanyika mikononi mwa watu, kutoka hapa mpaka Wajir, na miaka ikipita zilirudi kwake moja moja, kuulizwa kama ni za kweli. Alikuwa anatambua mwandiko wake. Anaagiza chai, anasema uso umepakwa. Hasemi na nani. Nilisikia hayo kwenye bati mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nilitazama kamba zangu.

Sikumwuliza kama anaikumbuka saa yangu. Yeye hakuniuliza iko wapi. Tulikula pamoja, tulizikiana wazee, nilisimamia ndoa yake ya pili iliyodumu miezi mitano. Jambo hilo tuliliacha kati yetu, pale kwenye bati.

Mwaka huu, baada ya mvua, nikapigiwa simu. Sauti ya kijana, Kiswahili cha Nairobi. Akajitaja kwa jina la baba yake na babu yake, nikakaa juu ya gunia la chumvi. Mama yake alifariki akamwachia maneno: kuna mtu Garissa ana saa ya baba yako.

Alikuja Jumamosi asubuhi na wazee wawili wa ukoo wake. Mimi nilikuwa na mzee mmoja, yule shahidi aliyebaki hai. Tukatandika mikeka mbele ya kibanda changu. Kijana ana sura ya rafiki yangu kabisa, hata namna ya kukunja mguu. Nilimpa kitambaa kwa mikono miwili. Akakifunua. Alitazama muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Adeer, Mungu akulipe kwa kuitunza," akasema, akiniita baba mdogo kwa Kisomali. "Lakini hii si ya Aabo, si ya baba yangu."

Akatoa simu. Kwenye simu palikuwa na picha ya zamani iliyopigwa picha: rafiki yangu kambeba mtoto, mkono umekuja mbele, saa iko wazi. Akaikuza kwa vidole mpaka uso wa saa ukajaa kioo kizima. Doa lilikuwepo. Akatueleza kwamba baba yake alimwambia hilo ni ndama wa ngamia, amelala. Mtoto akilia usiku baba anabonyeza, mshale mwekundu unazunguka, na wao wawili wanangoja ufike kwa ndama bila kumwamsha. Alisema sura ya baba yake hana, amemsahau sura, picha ndiyo inamwambia. Lakini ndama anamkumbuka mwenyewe, bila picha.

Mzee wa upande wake akasema polepole, bila kunitazama, "Kijana hasemi umeiba. Anauliza tu ile nyingine iko wapi."

Hapo nilipaswa kusema. Badala yake nikawa naikunja ncha ya mkeka. Nyuma ya bati palikuwa kimya, na nilijua kimya hicho, ni cha mtu anayesikiliza. Ningemtaja Fundi, ningeonekana namsukumia mwingine zigo langu. Wazee ndio waliosema fundi yupo hapohapo, aitwe, yeye anajua saa.

Akaja, lenzi kwenye paji la uso, saa yake ya bluu mkononi. Hakunitazama. Hakuinusa, hakuingia chini ya meza. Aliishika tu mwangani, akasema, "Uso umepakwa. Mishale si yake."

Basi ikawa imekwisha kwangu. Watu wa soko walikuwa wamesimama, wanunuzi wangu, watoto wa wanunuzi wangu. Yule mzee wa upande wa kijana akasema uletwe Msahafu niape. Mtu akaniletea birika nitawadhe. Nilinawa mkono wa kulia huku najiuliza naapa nini. Kwamba sikuibadilisha? Niliibadilisha. Kwamba ni ileile? Ni ileile na siyo. Maji yalikuwa yanamwagika na mimi nanawa mkono uleule mmoja.

Fundi akasema, "Msimwapishe mzee huyu. Mkono ulioipaka ni huu."

Aliuonyesha, kama mtu anayeonyesha kidonda. Akafungua kifuniko cha nyuma, akampa kijana lenzi atazame ndani pembeni: mkwaruzo mdogo kama mguu wa kunguru. Alisema kila aliyoipaka aliiwekea huo, na hapa mjini ziko nyingi. Nikaona wanaume wawili katika wale waliosimama wanatazama saa mikononi mwao, halafu wanashusha mikono ya kanzu. Mzee aliyeomba Msahafu akasema basi, amana imefika, hakuna wa kuapa.

Lakini kijana hakuwa anasikiliza habari za kiapo.

"Ondoa rangi, basi. Ndama yuko chini yake."

"Hayuko chini. Nilikwangua mpaka kwenye bati kabla ya kupaka. Nilidhani ni uchafu."

Nikasema mimi ndiye niliyemwambia aliondoe. Nilisema kwa sauti kabisa. Hakuna aliyegeuka.

Kijana alichukua simu yake. Halafu akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusa magoti ya Fundi, akamwekea simu mbele, uso wa saa umekuzwa, ndama yuko pale kwenye kioo kama embe dogo lililooza, wala si ndama.

"Unajua kuchora, Adeer?"

"Najua."

"Mchore palepale. Picha ni hii. Tafadhali."

Fundi aliitazama picha. Najua alikuwa anapima, maana nimemtazama miaka ishirini kwenye tundu la msumari, najua anavyokaza jicho la kushoto akipima. Akasema, "Naweza. Nitamchora, na hakuna mtu katika Kenya hii atakayejua. Hata wewe mwenyewe, mwaka ukiisha, utasahau kwamba nimemchora mimi."

"Ndivyo ninavyotaka," kijana akasema.

Fundi akaiweka saa kwenye kitambaa, uso juu. Akavua lenzi kichwani akaiweka kando yake. Akasimama, akatafuta patipati zake kati ya viatu vya wazee, akazivaa. Akapita mlango wa kibanda chake, uko wazi, hakuingia. Akashika njia ya kwenda darajani, mwendo wake wa kawaida, si wa haraka. Tulidhani anakwenda kuleta brashi kwa mtu.

Hakurudi. Si siku ile, si mwezi ule, na sasa wenye saa wamekuja kuzichukua mmoja mmoja na mwenye kiwanja amefunga kibanda kwa waya. Waliompigia simu waliisikia ikilia ndani ya droo. Nimeuliza kwenye magari ya Mwingi, nimeuliza Liboi, nimeuliza Wajir. Na kumwulizia mtu asiyetaja ukoo ni kazi bure, unaambiwa, "Fundi? Wa nani?" nawe huna la kujibu.

Siku ile tulingoja. Tuliswali adhuhuri palepale kwenye mikeka, tukakaa tena. Wazee walisinzia. Kijana alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili mbele ya ile nafasi aliyokuwa amekaa Fundi, na kila kioo kilipotaka kuzimika alikigusa kwa kidole gumba, kikawaka.